Dainamo ya Land Rover ya zamani: yanayosemwa gereji na ukweli wake

Land Rover Series II na IIA, za 1958 hadi 1971, nyingi zilikuja na dainamo (jenereta ya kuchaji betri) ya Lucas C40 na katauti, boksi linalosimamia chaji, ya RB106/2 au RB340. Ukitaka kuurudisha mfumo huo, utaambiwa haya.

"Taa ya chaji inawaka bila kukanyaga mafuta, dainamo imekufa."
Injini ikizunguka polepole dainamo haichaji, ndivyo ilivyo. Ipime kwanza. Chomoa waya za D (inayotoa umeme) na F (ya fildi, koili zinazotengeneza usumaku) kwenye dainamo, unganisha teminali hizo mbili kwa kipande cha waya, weka mita ya volti kati yake na bodi, kisha ongeza mafuta taratibu hadi kama mizunguko 1,000 kwa dakika. Volti zikipanda haraka kuelekea 20, dainamo ni nzima; usizidishe mafuta. Mita isiposoma kitu, anza na kaboni. Ikisoma kama volti 1, shaka iende kwenye koili za fildi. 4 au 5, kwenye amecha, sehemu inayozunguka ndani.

"Imekaa miaka mingi, lazima isukwe upya."
Mara nyingi imepoteza usumaku tu. Waya za D na F zikiwa bado zimechomolewa, gusisha F kwa sekunde moja au mbili kwa waya utokao teminali ya betri isiyofungwa bodi. Gari la ethi chanya, yaani chanya ya betri imefungwa bodi, waya huo unatoka hasi. Hii ni kwa Lucas. Bosch ya Volkswagen Beetle fildi yake imefungwa tofauti, usiijaribu hivi.

"Ethi chanya ni kosa la fundi aliyepita."
Hapana, Waingereza waliziunda hivyo hadi miaka ya 1960. Kinachodhurika ni redio na chaja za simu zikifungwa bila kuangalia.

"Msasa ni msasa."
Komyuteta, shaba inayosuguliwa na kaboni, na kontakti za katauti yenyewe zinataka msasa laini wa kioo. Ule mweusi wa chuma huacha chembe zinazoendelea kusaga. Kontakti za regyuleta, kidhibiti volti kilicho kwenye boksi hilohilo, ni ngumu zaidi: hizo ndizo za jiwe laini la kaborandamu. Malizia kwa spiriti. Na lile tundu la nyuma ya dainamo litie matone machache ya oili ya injini. Wengi hawalioni hadi bushi iliwe.

"Betri inachemka, legeza skrubu ya regyuleta."
Kabla ya skrubu, safisha ethi ya boksi, teminali E. Kutu kidogo pale huidanganya koili ya regyuleta, volti zinapanda. Isitoshe, RB106/2 ikipimwa bila mzigo husoma karibu volti 16. Aliyezoea 14 za altaneta ya magari mapya huishusha, na betri haijai tena.

"Balbu za wati 100 hazina shida."
C40 ya kawaida hutoa ampia 22. Balbu mbili za namna hiyo zinakula 16 hivi. Ondoa pia ampia za koili ya kuwashia injini, taa za nyuma na waipa, betri haibaki na kitu. RB340 ina koili ya tatu ya kuzuia ampia, RB106/2 haina. Betri ikiwa chini na taa zinawaka, amecha hupata moto hadi risasi ya kulehemu inarushwa kwenye ganda. Anayezitaka taa hizo afunge altaneta; zipo hata zilizofichwa ndani ya ganda linalofanana na C40, ila asiuze gari akisema mfumo ni wa asili.