Saifai ya kijeshi si kila hadithi yenye meli za anga na mizinga

Nimelisikia tena wiki hii na safari hii naandika. Mtu katazama filamu yenye meli za angani, miale ya leza na viumbe wa ajabu, anatoka anasema ameona saifai ya kijeshi. Ukimuuliza ya kijeshi kivipi, anasema si walikuwa wanapigana!

Kwa kifupi, saifai ya kijeshi ni hadithi ya kisayansi ya kubuni ambayo kiini chake ni jeshi lenyewe: nani anatoa amri na nani anatii, kuruta anafunzwaje, chakula na risasi vinafikaje, vita vinamwacha mtu akiwa nani. Maana ni hiyo, haina ugumu.

Shida ni kwamba watu wanaichanganya na opera ya anga, na hizi ni mbali kabisa. Hilo jina opera ya anga alilitoa mwandishi wa Marekani Wilson Tucker mwaka 1941 na alikuwa anatukana, maana redio za kwao zilikuwa na michezo mirefu isiyoisha iliyolipiwa na watengeneza sabuni, ikaitwa opera za sabuni, basi naye akaona zile hadithi za meli za anga zinazorudia mambo yaleyale zinastahili jina la namna hiyo. Tusi limeshaisha, siku hizi ni jina la heshima tu. Ndani yake utakuta milki kubwa, mapenzi, usaliti, rubani mmoja hodari anayekataa amri ya mkubwa wake, anaruka peke yake, anashinda na kuvishwa nishani. Kwenye saifai ya kijeshi huyo rubani anapelekwa mahakama ya kijeshi, hata kama alishinda, na hapo ndipo hadithi inapoanza kunoga.

Sisi wa Uganda tungeelewa hili haraka, maana Kiswahili kwetu kimekaa sana kambini, neno afande hata mtoto analijua. Wanajeshi wetu walianza kwenda Somalia mwaka 2007. Kaa na mmoja aliyerudi, umsikilize bila haraka, ataongea zaidi kuhusu kusubiri, msafara wa magari, maji, posho na maharage, na kamanda aliyewajali au asiyewajali, kuliko kuhusu kufyatua risasi. Hayo ndiyo mwandishi wa aina hii anayapeleka angani, na anga linayafanya magumu mara elfu. Ujumbe wa redio kutoka Dunia hadi Mirihi unachukua dakika kama 3 sayari zikiwa karibu, na kama 22 zikiwa mbali. Nyota iliyo karibu nasi zaidi ukiacha Jua, Proxima Centauri, ujumbe unafika baada ya miaka minne na zaidi. Sasa kundi la manowari limevamiwa kule, linaomba msaada, jibu litarudi baada ya miaka minane na ushee, kwa hiyo kamanda hana wa kumuuliza, anaamua mwenyewe na roho za watu ziko mikononi mwake. Mwandishi makini lazima akabiliane na hilo au abuni njia ya kulikwepa na atuambie gharama yake.

Na adui kutoka sayari nyingine si kipimo. Mwandishi H. G. Wells katika riwaya yake ya mwaka 1898 alileta wavamizi wa Mirihi Uingereza, jeshi lilipigana lakini msimulizi ni raia anayekimbia, na wavamizi waliuawa na bakteria. Hiyo ni hadithi ya uvamizi. Robert Heinlein, aliyekuwa ofisa wa jeshi la majini la Marekani, alitoa Starship Troopers mwaka 1959, na waliotazama filamu ya 1997 wanadhani ni kuua wadudu tu, kumbe kitabu kinatumia kurasa nyingi sana kwenye mafunzo, nidhamu na kijana anayejifunza uofisa. Joe Haldeman yeye alipigana Vietnam akajeruhiwa, akaandika The Forever War mwaka 1974: askari wanasafiri kwa mwendo unaokaribia wa nuru, na kwa mwendo huo muda wao unakwenda polepole kuliko wa nyumbani, kwao inapita miezi, wakirudi nyumbani karne zimepita na hakuna anayewaelewa. Mimi hicho ndicho nakipenda zaidi, kinauma kwa sababu ni kweli ya kila askari aliyewahi kurudi.

Kwa hiyo ndugu zangu, ile ya shujaa mmoja anayeokoa galaksi iiteni opera ya anga, mtakuwa hamjaishusha hata kidogo. Ile ya luteni anayehesabu mafuta yaliyobaki na watu alionao kabla hajaamua kusonga au kurudi, hiyo muite ya kijeshi, hata kama bunduki hazijalia mpaka katikati ya kitabu.