Kile kiboksi cha 1080p hakikupi HD kutoka kwenye VHS

Naandika hii ili kila anayeniuliza kuhusu kuhamisha kanda za VHS kwenda kwenye kompyuta nimtumie link basi, maana swali ni lilelile na nimeshalijibu kwa voice note mpaka koo linakauka: "Fundi, kuna kiboksi cha HDMI kinatoa 1080p na kuna kidogo cha USB kinatoa 576 tu, si bora nichukue cha 1080p nipate HD?" Hapana. Usichukue. Na juzi mama mmoja kanitumia faili za harusi ya mwanawe, zimehamishwa hivyohivyo kwa kiboksi cha 1080p, kanda zenyewe zimeshatupwa, anauliza kama naweza kusafisha. Siwezi, na hakuna anayeweza, na imeniuma kwa sababu kazi ile ingefanyika vizuri kwa kifaa cha bei hiyohiyo.

Kwanza tujue kilichomo kwenye kanda. VHS ya huku kwetu ni ya mfumo wa PAL, mistari 625, inayobeba picha ni 576, fremu 25 kwa sekunde. Kwa upana VHS inashika undani wa kama mistari 240 hivi, na rangi ndo kabisa, ziko chini zaidi ya hapo, ndo maana lipstiki nyekundu inavuja mpaka shavuni. Hicho ndo kilichopo na JVC walipoitoa VHS 1976 walitosheka nacho. Kifaa cha kukapcha, yani cha kuingiza video ya kanda kwenye kompyuta, hakina uwezo wa kuongeza kitu ambacho hedi, kile kichwa cha deki kinachosoma kanda, haijasoma, kwa hiyo mimi vifaa navilinganisha kwa jambo moja, kila kimoja kinapoteza nini njiani.

Na kinachopotea mara nyingi kuliko vyote ni fildi. Hapa nitakaa, naomba uvumilie.

Hizo fremu 25 kila moja ni fildi mbili, moja ina mistari ya 1, 3, 5, nyingine 2, 4, 6, na hazikupigwa kwa wakati mmoja, zimepishana sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Yani kamera ya mwaka 94 begani kwa mpiga video ilikuwa inachukua mwendo mara 50 kwa sekunde. Ndo maana kanda ile ukiiangalia kwenye TV ya kichogo mwendo wake ulikuwa laini vile, mtu anatunza hela kwenye taarab unaiona noti inavyopepea kutoka mkononi. Sasa ukikapcha sawasawa, ukasimamisha picha kwenye laptopu, mkono unaosogea utauona una meno meno kama kitana, mistari ya kulala, na sehemu isiyosogea iko safi. Hapo ndo napigiwa simu. "Fundi mbona picha ina mistari, umeniharibia." Jamani hiyo mistari ndo uthibitisho kwamba fildi zote mbili zipo! Faili la kutunza LAZIMA liwe nayo. Kuitoa ni kazi ya baadaye, unachukua nakala unaipitisha QTGMC, skripti ya kuondoa meno, ndani ya programu ya AviSynth, inatoka fremu 50 kwa sekunde, laini, hakuna meno, na lile faili la asili liko palepale halijaguswa.

Kiboksi cha AV kwenda HDMI kinafanyaje? Kinapokea hizo fildi, vingi vinatupa moja au vinazikoroga pamoja kwa haraka kwa sababu chipu yake ni ya bei ya chini na inatakiwa itoe picha papo hapo, halafu kinavuta mistari iliyobaki mpaka ifike 1080, halafu vingi vinatoa Hz 60 wakati kanda ni 50, kwa hiyo kinarudia picha kila baada ya muda ili zijae, matokeo yake watu wanatembea kwa kukwamakwama. Juu ya hapo kinatanua 4:3 iwe 16:9 na bibi harusi anatoka mnene. Halafu hiyo HDMI unaichomeka kwenye kifaa kingine cha USB kinachokandamiza tena. Unapata faili kubwa lenye namba 1080 na ndani yake kuna mwendo nusu ya ule uliokuwa kwenye kanda, na huwezi kurudi nyuma, fildi iliyotupwa imetupwa. Mtu anayetaka ukubwa wa 1080 kwa ajili ya YouTube, sawa, panua mwishoni kutoka kwenye faili zuri, hiyo hata mimi nafanya.

Usidhani hili ni la vitu vya bei chee tu. Elgato Video Capture ni kifaa kizuri kwa mtu asiyetaka usumbufu lakini kinatoa 640 kwa 480. Kanda ya PAL ina mistari 576. Ukiibana ikae kwenye 480 fildi zinachanganyika na hazitenganishiki tena. Kwa Mmarekani mwenye kanda za NTSC, mfumo wa kwao, habari ni tofauti kidogo, kwa sisi wa PAL ni hasara ya wazi.

Vile vidogo vya EasyCap vinavyouzwa kila duka. Watu wanauliza EasyCap ni nzuri au mbaya, swali halina jibu, kwa sababu boksi ni moja na jina ni moja ila ndani kuna chipu tofauti tofauti, STK1160, Empia, Somagic, UTV007, na hujui umepata ipi mpaka uchomeke. Nyingine zinafanya kazi ya heshima kabisa ukizipata na draiva yake sahihi. Vya siku hizi visivyohitaji draiva, unachomeka vinawaka, vingi vinakandamiza picha kwa MJPEG humohumo ndani kabla haijafika kwenye laptopu, na ukipenda vitumie kwa kukagua kanda ila sio kwa faili la kutunza. Hauppauge USB-Live2 ndo ninayomwambia mtu anunue kama anaanza, inatoa 720 kwa 576 fildi zikiwa salama, unakapcha kwa programu ya VirtualDub na kodeki (kanuni ya kubana video) isiyopoteza kitu, HuffYUV au Lagarith. Nafasi jiandae, saa moja bila kukandamiza kabisa ni kama GB 75, kwa HuffYUV inashuka mpaka nusu yake hivi au chini ya hapo.

Canopus ADVC-110 inapendwa na wazee wa kazi na mimi ninayo. Inatoa DV, video ya dijitali iliyokandamizwa, kwa waya wa FireWire, GB 13 kwa saa, sauti na picha zimefungwa pamoja hazipishani. Wanaoisema vibaya wanasema DV inapunguza rangi, na kweli inapunguza. Lakini rangi ya VHS ni hafifu hivyo kwamba nikiweka faili mbili pembeni kwa pembeni za kanda ya harusi ya kawaida siwezi kuapa nitazitambua, isipokuwa kwenye nyekundu iliyoiva, kanga au maua, pale naona ngazi ngazi pembeni. Kwa hiyo kila nikiitumia nabaki na shaka hiyo na bado naitumia kwa kazi nyingi.

Sasa TBC (time base corrector), kinachonyoosha mistari ya picha. Kanda inavyozeeka mistari haianzi mahali pamoja, mmoja umesogea kushoto mwingine kulia, fremu ya mlango inaonekana inacheza kama iko majini, na juu ya picha kunapinda. TV ya kichogo ilikuwa inavumilia. Kifaa cha kukapcha hakivumilii, kinapoteza mwelekeo, kinadondosha fremu. Na hapa vile vya bei kali vilivyotengenezwa kwa studio ndo vinafeli vibaya zaidi, kwa sababu vinategemea signali iliyonyooka, ukiipa VHS iliyochoka kioo kinakuwa cheusi kila kanda ikitetemeka. Mtu katoa hela nyingi, anapata giza.

Dawa ni kunyoosha signali kabla haijafika kwenye kifaa. Deki zenye TBC ndani zipo, Panasonic NV-FS200, NV-HS1000, JVC za S-VHS (VHS iliyoboreshwa) kama HR-S7600, na zikiwa hai shika usiachie. Njia ya maskini ni kupitisha signali ndani ya DVD recorder, Panasonic DMR-ES10 ndo inayosifika, hurekodi kitu, unaingiza upande mmoja unatoa upande wa pili. Vitabu vinasema hii sio TBC kamili na ni kweli. Ila mimi nimeacha kubishana kwa vitabu, maana kuna kanda ES10 inainyoosha mpaka unashangaa na kuna nyingine inalainisha nyuso za watu zinakuwa kama nta, na kabla sijaichomeka siwezi kukwambia ipi itakuwa ipi. Nachukua dakika chache za kipande kibovu zaidi, napitisha njia zote mbili, naangalia.

Kwa hiyo ukiwa na hela kidogo anza na deki, ndo ije kapcha. Na angalia mtumba. Deki na recorder zinazokuja kutoka Japan ni NTSC na ni za volti 100, ukichomeka kwenye umeme wetu wa 230 umeiua, na hata usipoiua haitakusaidia na PAL. Zinazotoka Uingereza ni PAL. Kama deki ni ya S-VHS tumia tundu la S-Video hata kama kanda ni VHS ya kawaida, kwa sababu kwenye kanda rangi na mwanga vimekaa mbalimbali na waya wa njano unavichanganya bila sababu.

Kanda za ndugu wa nje ndo zina mambo. Muscat ni PAL, hamna shida. Za Marekani ni NTSC, na deki nyingi za PAL zinazosema zinacheza NTSC zinatoa kitu cha katikati kinaitwa PAL 60, TV inakubali, kapcha nyingi zinakataa au zinatoa bila rangi, hapo tafuta deki ya multisistemu zile zilizokuwa zinaletwa kutoka Dubai. Kanda iliyorekodiwa kwa mfumo wa SECAM huko Congo ikitoka nyeusi na nyeupe kwenye deki ya PAL usimwambie mwenye kanda kwamba rangi zimekufa. Zipo. Na kanda ndogo ya MiniDV usiipitishe kwenye waya wa njano hata kidogo, ile ni dijitali tayari, toa kwa FireWire, unanakili kilekile kilichomo.

Kitu kingine ambacho hakiandikwi kwenye boksi ni kiwango cha mwanga. Harusi nyingi za miaka ya 90 zilipigwa na taa kali juu ya kamera, na bibi harusi kavaa nyeupe. Kifaa kikiwa na setingi zake za dukani, nyeupe inagonga dari na nakshi zote za gauni zinafutika, linabaki karatasi. Fungua histogramu (grafu ya mwanga) ya VirtualDub, peleka kanda mpaka pale mwanga ni mkali kuliko pote, shusha kontrasti mpaka, kwenye kipimo cha 0 hadi 255, nyeupe iingie chini ya 235 na nyeusi ikae juu ya 16. Nakshi zinarudi, unaziona kabisa kwenye kioo, shanga za kifuani moja moja. Kuna vifaa vinapandisha na kushusha mwanga vyenyewe na havikuruhusu kuzima, hivyo mimi sivitumii hata vikiwa na sifa gani nyingine.

Sauti kwa kifupi: iingie kwenye kifaa kilekile cha picha, usiichomeke kwenye tundu la maiki la laptopu, saa ya ndani ya kifaa na ile ya laptopu hazikubaliani na mwisho wa kanda ya E-180 ya saa tatu mwimbaji anafumba mdomo sauti bado inakuja.

Na kabla ya yote angalia kanda kupitia kidirisha chake. Huku pwani unyevu unazila, ukiona unga mweupe pembeni ya mkanda ni ukungu, usiiweke kwenye deki, itapaka hedi na kanda inayofuata itaambukizwa. Hedi husafishwa kwa spiriti ya isopropili na ngozi laini, sio kijiti cha pamba cha masikioni, nyuzi zake zinanasa kwenye hedi na hedi inavunjika.

Siku hizi kuna wanaoruka deki nusu nzima, wanachukua mawimbi moja kwa moja kutoka kwenye hedi na kuyasoma kwa programu, mradi unaitwa vhs-decode, unaweza hata kutumia kadi za zamani za PCI zenye chipu ya CX2388x. Kazi ya TBC inafanywa na programu na matokeo yake kwenye kanda mbovu nimeyakubali. Inakula nafasi, inakula muda, inataka kufungua deki na kuunga waya ndani, kwa hiyo kazi za wateja bado nafanya kwa njia ya kawaida. Zile ambazo ES10 imezishindwa na TBC imezishindwa nimeziweka kabati la peke yake, zimesimama wima, zimerudishwa mwanzo, na wenyewe wanajua nazisubirishia hiyo.