Panorama katika miksi: kila ala ikae wapi?

Ukifungua programu ya kurekodia muziki kwenye kompyuta, utaona kila sauti uliyorekodi ina kifundo chake kidogo kilichoandikwa Pan. Ni kifupi cha panorama. Kazi yake ni kugawa sauti ya ala kati ya spika ya kushoto na ya kulia. Kikikaa katikati, spika zote mbili zinapata sawa, na wewe unaisikia ala mbele ya uso wako, mahali ambapo hakuna spika. Ukikizungusha kushoto, spika ya kulia inapunguziwa na ala inahamia kushoto. Ubongo ndio unaoiweka pale: umezoea kulinganisha masikio mawili, lipi limepata sauti kubwa zaidi, lipi limeipata mapema. Mhandisi Mwingereza Alan Blumlein alitegemea tabia hiyohiyo alipoombea hataza mfumo wake wa stereo mwaka 1931.

Sisi tunaorekodi nyumbani hapa Lubumbashi tuna sababu kubwa ya kuijua panorama, nayo ni magitaa. Rumba inaweza kuwa na magitaa matatu, solo (linaloongoza), mi-solo (la kati) na akompanyeman (la kusindikiza), na yote yanalia kwenye sauti za kati, palepale anapoimbia mwimbaji. Yakirundikwa katikati yanafunikana. Unapandisha solo, mi-solo inazama. Unapandisha mi-solo, maneno ya wimbo hayasikiki tena. Kabla ya kupandisha chochote, shika kifundo cha pan. Mimi huweka akompanyeman kushoto kwenye 40 kati ya 100, mi-solo kulia kwenye 40, na solo kulia kidogo tu, 15 hivi, kwa kuwa sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, ikianza yeye ndiye anayeongoza. Mara unasikia kidole kinavyoachia uzi wa mi-solo, na hujaongeza sauti ya kitu chochote.

Besi, ngoma ya mguu na mwimbaji mkuu wabaki katikati. Sauti nzito masikio hayatambui vizuri inatoka upande gani, tena inahitaji nguvu ya spika zote mbili. Waitikiaji wagawe pande mbili.

Kuna kosa moja naliona sana kwa vijana: mtu ananakili gitaa lilelile, nakala moja kushoto, nyingine kulia, akitegemea wimbo upanuke. Haupanuki. Nakala mbili zinazofanana kabisa zinasikika katikati, ila kwa sauti kubwa zaidi. Ukitaka upana, mpiga gitaa apige mara mbili kweli, maana hakuna mkono unaorudia kitu bila tofauti hata ndogo. Wengine huichelewesha nakala moja kidogo sana. Kwenye stereo inapendeza, lakini pande mbili zikichanganywa kuwa moja, baadhi ya sauti zinafutana na gitaa linalia kama limo ndani ya mtungi.

Na zitachanganywa. Simu nyingi zina spika moja, na spika ndogo ya bluetooth pale nganda (baa) mara nyingi ni mono pia. Hapo kushoto na kulia vinakuwa kitu kimoja, na ala ulizozipeleka pembeni kabisa zinarudi nyuma kidogo kuliko zile za katikati.

Wimbo wa kwanza niliomiksi, chumbani Katuba, hapahapa Lubumbashi, solo niliipeleka kushoto hadi 100. Masikioni mwangu ilikuwa tamu. Kesho yake mdogo wangu akausikiliza ndani ya taksi-basi pamoja na rafiki yake, waya mmoja wa masikioni, kila mtu na sikio lake. Yeye alipata la kulia. Aliporudi akaniuliza, "Yaya, solo iko wapi?" Sebene nzima alikuwa amesikia besi, batri (seti ya ngoma) na mi-solo tu.

Tangu siku hiyo naanza na mono. Programu nyingi zina kitufe cha mono kwenye chaneli kuu: nakibonyeza, napanga ukubwa wa sauti hadi kila gitaa lisikike, ndipo nafungua stereo na kugusa vifundo vya pan. Mwishoni navaa upande wa kulia wa waya wa masikioni peke yake, nasikiliza wimbo wote, kisha nahamia kushoto. Ala ikikosekana kabisa kwenye sikio moja, naisogeza kuelekea katikati hadi isikike.