Maua yanayostahimili ukame: yanayosemwa na yaliyo kweli

Lavenda yangu ya kwanza ilikufa maji. Mmea unaosifiwa kwa kuvumilia kiangazi, umesimama penye jua la kutwa, ukafa maji kama mtu asiyejua kuogelea. Kila jioni niliupa kidogo, kwa huruma tu. Majani ya chini yalipogeuka kahawia nikadhani ni kiu, nikazidisha. Nilipoung'oa, mizizi ilikuwa myeusi na laini, ukiivuta ganda linabaki mkononi, na inanuka kama tope la mtaroni. Tangu hapo sisadiki upesi yanayosemwa kuhusu maua ya kudumu, yaani yanayoishi miaka kadhaa bila kupandwa upya, yanayostahimili ukame.

"Panda, kisha sahau"

Ustahimilivu haumo kwenye jina la mmea, umo kwenye mizizi, na mche uliotoka kitaluni jana una mizizi isiyozidi kopo lake. Bonge lile dogo la udongo hukauka haraka hata udongo wa pembeni ukiwa na unyevu. Kwa hiyo msimu wa kwanza utaumwagilia, upende usipende.

Jambo ni namna ya kumwagilia. Maji ya kunyunyiza kila siku hulowesha sentimita mbili tatu za juu, na mizizi hukaa yalipo maji, yaani palepale jua linapokausha kwanza. Mwagilia polepole mpaka maji yazame, halafu acha. Chomeka kidole udongoni. Kama kwa kina cha sentimita 5 bado kuna unyevu, weka ndoo chini, urudi kesho kutwa. Sehemu ya juu ikikauka huku ya chini ina maji, mizizi hushuka kuyafuata. Ikishashuka, hapo ndipo unaweza kuanza kusahau kidogo kidogo. Palipo na msimu wa mvua, panda mvua zinapoanza ili kazi kubwa ifanywe na mawingu.

"Udongo wowote mbovu unayafaa"

Mfano unaotajwa sana ni bustani ya changarawe ya Beth Chatto, mtunza bustani mashuhuri, huko Essex, Uingereza. Palikuwa maegesho ya magari, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 akapageuza bustani isiyomwagiliwa, katika eneo linalopata mvua ya milimita 500 hivi kwa mwaka. Wengi huishia hapo. Hawasemi kwamba ardhi ile iliyoshindiliwa na magari ilivunjwavunjwa kwanza, ikachanganywa mboji, na baada ya kupanda ikatandazwa changarawe juu.

Mimea hii haidai udongo wenye rutuba nyingi, ila inadai udongo unaopitisha maji. Chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, yakishuka lijaze tena. Ukikuta maji bado yamesimama kesho yake, usipande hapo. Inua tuta, au tafuta mahali pengine. Kumwaga ndoo mbili za mchanga kwenye udongo wa mfinyanzi hakusaidii, maana mchanga mchache humezwa na mfinyanzi na mchanganyiko ukikauka unakuwa kama tofali. Mboji hufanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Na zile kokoto tunazoweka chini ya chungu ili "maji yapite"? Zinafanya kinyume. Maji hayatoki kwa urahisi kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto. Hubaki yamening'inia juu yake mpaka udongo ulowe kabisa. Umepandisha tope likaikaribia mizizi. Chungu kinahitaji tundu na udongo mwepesi, basi.

"Mbolea nyingi, maua mengi"

Utapata majani. Nitrojeni ikizidi, mashina hurefuka, hulegea na kulala chini, na maua huwa haba. Akilea, ua la mashina marefu, ndiyo hodari wa kukuaibisha: penye samadi nyingi hulala chali kabla ya kuchanua, penye udongo wa wastani husimama wima bila mti wa kuishikilia.

"Maji ya mchana huunguza majani"

Eti tone la maji ni kioo cha kukusanya miale ya jua. Mwaka 2010 watafiti wa Hungary walilipima jambo hili wakaona kwamba kwenye majani laini matone hayaunguzi. Ila kwenye majani yenye vinywele, vinavyoliinua tone juu ya ngozi ya jani, miale inaweza kukusanyika na kuacha doa. Cha kuchekesha ni kwamba mimea mingi ya ukame ina vinywele hivyo hivyo. Ndivyo vinavyoipa rangi ya kijivu na kurudisha jua. Hata hivyo tone la namna hiyo huteleza upesi. Sababu ya kumwagilia asubuhi ni nyingine kabisa: maji machache hupotea hewani.

"Mmea ukilegea mchana una kiu"

Pengine jani linapoteza maji haraka kuliko mzizi unavyoweza kuyapandisha. Utazame jua likitua. Ukiwa umejinyoosha, uache. Ukiwa bado umelegea asubuhi, tumia kidole kabla ya ndoo, kwa sababu mizizi iliyooza nayo hulegeza majani. Mimi nilichelewa kulijua hilo.

"Ukame hautapunguza maua yake"

Kustahimili ni kutokufa. Mimea mingi ikibanwa hupunguza machipukizi, huangusha majani, wakati mwingine hulala kabisa ikingoja mvua. Sedumu huhifadhi maji kwenye majani yake manene na aina zake nyingi, ukame ukibana, hufungua vitundu vya majani vya kupitishia hewa usiku badala ya mchana, hivyo hubana matumizi kweli kweli. Ukitaka maua wakati wa kiangazi kikali, kunywesha kwa kina mara moja vitumba vinapotokea hakuharibu kitu.

Na gazania ikifunga maua siku ya mawingu, usiikimbilie na maji. Inangoja jua tu.