Tumaini si tamaa yenye tarehe

Tumaini la Kikristo ni kumwegemea Mungu kwamba atatimiza alichoahidi katika Kristo, yaani ufufuo wa wafu na uzima wa milele, na kwamba atatupa neema ya kufika huko. Ufafanuzi huo unatosha. Kinachouma ni jinsi neno lenyewe linavyotumiwa kwenye kesha na matangani, Nakuru hadi Kisumu. Mtu hutaja kazi, visa au majibu ya hospitali, akaweka na mwezi, kisha akayaita hayo tumaini. Mwezi ukipita, husema tumaini limemwangusha.

Hapo pana maneno matatu yanayochanganywa, yote yenye asili ya Kiarabu. Tamaa, kutoka tamaʿ, ni kukitaka kitu, hata kiwe cha jirani. Taraja limetokana na rajaa, kutazamia jambo. Tumaini ni la ukoo wa itmaanna, moyo kutulia. Waislamu wanaijua tumaanina katika swala, pale viungo vinapotulia kabla ya kuhamia kitendo kingine. Kwa hiyo mzizi wa tumaini ni utulivu, na kungoja kumekuja juu yake. Dholuo nacho kinasema geno: kumwamini mtu na kutumaini, neno moja. Kwa jambo hili, Mjaluo ana kamusi nzuri nyumbani.

Mchanganyiko umechochewa pia na tafsiri. Paulo kwa Kigiriki anatumia neno moja, elpis, lakini Biblia ya Kiswahili ya Union Version inaandika taraja katika Warumi 8:24 na tumaini katika Warumi 5:4. Na hiyo Warumi 5 husomwa kinyumenyume. Mtume Paulo anaanza na dhiki, dhiki huleta saburi, saburi huleta uthabiti wa moyo, ndipo tumaini. Anayemwambia aliyefukuzwa kazi jana awe na tumaini kufikia jioni ameruka hatua mbili.

Waebrania 6:19 inaliita nanga ya roho. Wavuvi wa Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria, wanajua nanga haizuii upepo wala haitulizi ziwa. Mashua itayumba, ila haitapeperushwa. Kamba ikiwa fupi, nanga hunyanyuka na kuburuzwa, kwa hiyo kamba huachwa ndefu kuliko kina cha maji, mara kadhaa. Tumaini lililofungwa kwenye Desemba hii lina kamba fupi.

Kosa jingine ni baya zaidi: kuacha dawa za presha au za virusi vya ukimwi kwa madai ya kutumaini. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2091, inataja dhambi mbili dhidi ya tumaini, kukata tamaa na kujidai. Wahubiri wengi huikemea ya kwanza na kuisahau ya pili. Kumlazimisha Mungu kwa kuacha vidonge ni ya pili. Mwenye tumaini hunywa vidonge vyake saa ileile kila siku, kwa sababu maisha yake hayategemei vidonge peke yake, wala yeye havidharau.

Tena kuna ile kauli ya matangani, “Mama, usilie, sisi tuna tumaini.” 1 Wathesalonike 4:13 haikatazi kulia. Inasema tusihuzunike kama wengine wasio na matumaini. Neno la kuangalia hapo ni “kama”. Kwa hiyo mfiwa aachwe alie. Akinyamaza mwenyewe, mtu ambaye yuko karibu anaweza kumsomea aya hiyo polepole, bila kukatiza hilo “kama”.