Saikopathi: Maswali Kuhusu Kuitambua, Kuipima na Kuitibu

Swali: Je, mwenye saikopathi ni mwendawazimu?

Jibu: Hapana. Saikopathi ni kasoro ya haiba, si wazimu: mwenye nayo hasikii sauti zisizokuwapo wala hajapotewa na uhalisia. Anajua vyema alifanyalo, na mara nyingi anajua pia kwamba ni kosa. Kilichopungua ni hisia: huruma ni finyu, majuto huishia mdomoni, na hofu ya adhabu haimzuii kama inavyowazuia wengine. Wala si kila mwenye tabia hizo ni muuaji, ingawa sinema zimetuzoesha kuamini hivyo.

Swali: Hupimwaje?

Jibu: Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayotosha kuithibitisha. Kinachotumiwa zaidi, hasa magerezani, ni orodha ya vipengele 20 iliyobuniwa na mwanasaikolojia wa Kanada, Robert Hare, ambapo kila kipengele hupewa alama 0, 1 au 2. Amerika Kaskazini mpaka wa kawaida wa kumhesabu mtu kuwa na saikopathi ni alama 30 kati ya 40, ilhali Uingereza mara nyingi hutumia 25. Mtaalamu aliyefunzwa humhoji mhusika kwa kina, kisha hulinganisha majibu yake na kumbukumbu za mahakama, za shule na za matibabu, kwa kuwa mtu aliyezoea kudanganya hawezi kuwa shahidi pekee wa maisha yake mwenyewe. Kwa hiyo kumbandika jina hili mume au bosi anayekuudhi, eti kwa sababu ya dodoso la mtandaoni, ni uonevu.

Swali: Chanzo chake ni nini?

Jibu: Urithi na mazingira hushirikiana, hakuna kimoja kinachojitosheleza.

Swali: Inatibika?

Jibu: Hakuna dawa inayotibu saikopathi yenyewe. Wataalamu wengi walikata tamaa baada ya utafiti wa Kanada wa mwaka 1992 kuonyesha kwamba wenye saikopathi waliopitia tiba ya makundi katika hospitali ya Penetanguishene walirudia ukatili zaidi kuliko wenzao wasiotibiwa. Hata hivyo, tiba ile, iliyohusisha hata kuwapa wagonjwa LSD (dawa ya kulevya inayoleta maruweruwe), isingekubalika leo, na kuifanya ushahidi dhidi ya kila tiba si haki. Katika kituo cha Mendota, jimboni Wisconsin, Marekani, vijana wakorofi kupita kiasi hupewa tiba ya muda mrefu inayotuza mwenendo mzuri wa kila siku badala ya kutegemea adhabu wasiyoiogopa, na waliopitia humo wamerudia uhalifu wa kikatili kwa kiwango kidogo kuliko wenzao waliobaki katika magereza ya kawaida ya vijana.