Buu la inzi mweusi halishiki jiwe

Juzi tulishuka na wanafunzi kwenye kijito kimoja huko Kabare, jirani na Bukavu. Mmoja wao akaenda moja kwa moja kwenye kidimbwi kilichotulia, akainama. Nikamwambia, "Mwanangu, hapo utapata mabuu ya mbu. Ya inzi mweusi yatafute pale maji yanapopiga kelele."

Inzi mweusi ni wa jenasi ya Simulium, na aina zake kadhaa hueneza usubi, yaani upofu wa mtoni. Buu lake hula kwa kukunjua mashada mawili ya vinyweleo kichwani, kama upepeo, na kukinga chembe zinazoletwa na mkondo. Maji yakisimama, riziki imekatika.

Basi linajishikizaje? Wengi hudhani linanyonya jiwe kama ruba. Sivyo, na hapa ndipo ninapolistaajabia kila mara. Hutoa hariri kutoka kwenye tezi za mate, likaibandika juu ya jiwe kama kiraka kinachonata. Kisha hujikunja na kuchomeka ndani ya kiraka hicho duara la kulabu ndogo sana zilizo mkiani. Kwa hiyo kilichoshika jiwe ni hariri. Buu limeshika hariri. Jiwe lenye tope au utelezi wa mwani halilifai, kwa sababu hariri haipati mahali pagumu pa kuganda.

Likitaka kuhama, hubandika kiraka kipya mbele, likakishika kwa kiguu kilicho chini ya kichwa, likang'oa mkia na kuuvuta. Likishtuliwa hujiachia na maji, huku likining'inia kwenye uzi wa hariri kama buibui.

Tena, maji yanayopita karibu kabisa na jiwe huenda polepole kuliko ya juu yake. Buu hulaza mwili humo, kichwa kikielekea maji yanakokwenda.

Si mawe tu. Nyasi na majani yanayoburutwa na mkondo hulifaa sana. Mabuu ya Simulium neavei yalitafutwa kwa miaka mingi bila kuonekana, hadi mwaka 1950 yalipogunduliwa nchini Kenya juu ya magamba ya kaa wa mtoni. Ndiyo maana sisi, tukimshika kaa, humkagua mwili mzima, hata kwenye viungo vya miguu, kabla ya kumrudisha majini.